Sungura wa Kichwa Upande

Sungura wangu aliletwa nyumbani ili aliwe. Shangazi wa mume wangu alikuja kututembelea kwetu Skuta, kando ya mji wa Nyeri, akiwa amembeba ndani ya kikapu, juu ya viazi vitamu, akasema tumpike Krismasi. Krismasi ikafika, jirani akachinja mbuzi na kutualika, sungura akasahaulika. Kufikia Mwaka Mpya nilikuwa nimekwisha kumzoea, na hakuna aliyethubutu kunitajia sufuria.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea nyumbani, sare za shule na majoho ya kwaya. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa ameenda chuo. Mume wangu anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, anaondoka asubuhi na kurudi jua likizama. Mchana kutwa tulikuwa wawili tu, mimi kwenye cherehani na sungura chini ya meza, akitafuna nyasi kavu na kunusa vipande vya kitambaa vilivyoanguka. Nikimwita kwa kugonga ulimi, alikuja na kuniwekea kidevu juu ya kiatu.

Huku kwetu sungura ni nyama, na siku hizi hata mkojo wao watu wanaukinga wauze kama mbolea. Sungura wa kuitwa akaja ni jambo la kuchekesha. Mume wangu alicheka. "Ati sasa tuko na kitinda mimba," alisema. Lakini alicheka bila ubaya, na jioni alikuwa akimletea majani ya karoti kutoka sokoni, ameyafunga kwa gazeti. Nasema hivi ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kuchukia wanyama. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa hivyo.

Ugonjwa ulikuja na baridi ya Julai, wakati ukungu unapokaa hadi mchana na nguo zinakataa kukauka. Sungura hasemi akiugua. Ng'ombe atalala chini, mbwa atalia. Sungura hujikaza na kukaa kama mzima, kwa sababu huko porini anayeonekana mgonjwa ndiye huliwa wa kwanza. Nilichoona mimi ni mavi. Nilikuwa nikifagia kizimba, nikaona yamepungua na yamekuwa madogo, makavu kama mbegu za mpapai. Halafu nikaona sikio moja limelegea. Kufikia mchana kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko chini ya sakafu. Alipojaribu kuruka, akaanguka na kubingirika, akabingirika tena, hadi akagonga mguu wa meza. Jicho lake lilikuwa likitikisika huku na huku bila kutulia.

Jirani aliyekuwa amekuja kupimwa gauni alisimama mlangoni na kumtazama. "Mchinje kabla hajakonda," aliniambia. "Huyo amepatwa na kifafa."

Nilimfunga sungura ndani ya sweta, nikampeleka mjini kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana aliyekuwa na chumba cha matibabu nyuma ya agrovet, duka la dawa za mifugo. Alinieleza ukweli tangu mwanzo.

"Mama, mimi ni mtu wa ng'ombe. Sungura wakiugua, watu huwa hawaniletei. Ngoja nimpigie rafiki yangu tuliyesoma naye, yeye anajua hawa."

Alizungumza kwa simu huku akimmulika sungura ndani ya sikio. Kisha akaniambia kwamba kichwa kuinama hivyo mara nyingi huletwa na moja kati ya mambo mawili: ama sikio limeoza ndani kabisa, mahali ambapo macho hayafiki, au kuna kijidudu kidogo kinachoshambulia ubongo. Kwa vifaa alivyokuwa navyo hangeweza kujua ni kipi, kwa hivyo angetibu vyote viwili. Alimdunga sindano, akanipa dawa ya maji ya minyoo, ile wanayonyweshwa ng'ombe, ila yangu ilikuwa ya kupimwa kwa matone. Na akanionya.

"Mtu asikudanganye umpe penisilini ya kumeza. Itaua wadudu wazuri wa tumboni, na yeye atawafuata. Na uhakikishe anakula. Sungura asipokula, tumbo linasimama. Likisimama, hata dawa nzuri haitamsaidia."

Nikajifunza kuuguza sungura. Nilizungushia taulo zilizokunjwa kizimbani ili akibingirika asiumie. Nilisaga chakula chake cha punje, nikakilainisha kwa maji ya vuguvugu na kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikilipitisha kando ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo asije akapaliwa. Jicho lililokuwa likisugua sakafu nilikuwa nikilitia dawa ya matone. Nilimgeuza ubavu asipate vidonda, nikampangusa chini, nikamkausha. Niliamka nikiwaza mavi yake. Siku yaliporudi kuwa makubwa na ya duara nilimwita mume wangu aje kuyaona, naye akaja, akachutama, akasema, "Hayo sasa ni ya maana."

Maana alinisaidia, na sana. Yeye ndiye aliyekuwa akimshika nikimlisha. Mikono yake ya kubeba saruji ilijua kumfumbata bila kumminya. Alijifunza kupima matone. Alijifunza kugusa tumbo na kusikia kama ni laini. Nilikuwa nikimtazama na kujiambia kwamba miaka yote hii niliolewa na mtu mwema na sikuwa nimempa sifa zake.

Sungura alianza kula mwenyewe. Alitembea akipinda kama mlevi, kisha akaanza kunyooka, lakini kichwa kilibaki upande. Daktari alisema huenda kikabaki hivyo maisha yake yote na kwamba hilo halimzuii kuishi vizuri. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Kisha mama yangu, huko Murang'a, akaitwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho, na ilibidi niende kukaa naye. Nilimrudia mume wangu mafundisho yote, dawa, taulo, majani gani na majani gani la. "Enda, mama," alisema. "Niko naye."

Siku moja kabla sijarudi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Pole, mama. Yule wetu ametuacha."

"Nani?"

"Sungura. Nimempata asubuhi amelala, hakuamka. Hakuteseka."

Nilikuwa jikoni kwa mama nikimchemshia uji. Nililia pale pale, nikiwa nimegeukia ukuta ili mama, aliyekuwa na bandeji usoni, asisikie. Baadaye dada ya mume wangu, wifi yangu anayeishi Kenol, alinipigia naye. "Nimesikia, pole sana," aliniambia. "Ulijaribu. Hakuna mtu angejaribu hivyo."

Nilipofika Skuta mume wangu alinipeleka nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Kulikuwa na tuta dogo la udongo. Aliniambia alimzika na taulo lake, lile la bluu, na kweli taulo halikuwepo, wala dawa hazikuwepo, nikadhani amezitupa. Nilisimama pale. Akanishika mkono, akavua kofia na kuomba. Aliomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa kiumbe kidogo kilichotupa furaha, akaomba mke wake afarijiwe. Nilisema amina. Nikaweka jiwe juu ya tuta, na wiki zilizofuata nilikuwa nikipita pale kung'oa magugu.

Mwishoni mwa mwaka wifi alimaliza nyumba yake mpya Kenol, akaalika watu wa ukoo waje kuibariki. Mume wangu alisema nisijisumbue, ana hakika nina nguo nyingi za Krismasi za kumaliza. Nikasema nguo zitangoja. Akasema barabara itakuwa na msongamano. Nikamwambia hatukosi baraka ya nyumba ya dada yake kwa sababu ya magari. Njiani aliendesha akiwa kimya, nikadhani amechoka na kazi.

Baada ya maombi na chakula wanawake walihamia jikoni. Mkaa ukaisha, na kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango nikachukua karai nikaenda kuchota mwingine bandani, nyuma ya nyumba ya zamani. Kando ya gunia la mkaa kulikuwa na kizimba kilichofunikwa gunia jingine. Nilikuwa nimeshika sepetu wakati niliposikia sauti ikitoka chini ya lile gunia. Ilikuwa sauti ya meno kusagwa. Si ule mtafuno wa haraka wa sungura aliyeridhika. Huu ni wa polepole, mzito, kama mtu anayesaga mchanga, na yeyote aliyewahi kuuguza sungura anajua maana yake ni maumivu. Nikafunua ili nimwone mgonjwa wa watu.

Alikuwa amejikunja kona, tumbo ameliinua kutoka sakafuni. Mbele yake kulikuwa na mkate, ugali na majani ya kabichi, vyote havijaguswa. Hakukuwa na mavi mapya popote. Na kichwa kilikuwa upande wa kushoto.

Dunia ina sungura wengi wa rangi ya majivu, na nilijaribu kujiambia hivyo. Nikagonga ulimi. Akajiburura, akipinda, hadi kwenye waya, na alipoondoka kona ile nikaona alikuwa amelalia taulo la bluu.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Nakumbuka kwamba jambo la kwanza mikono yangu ilifanya ni kumtoa na kumgusa tumbo, na kwamba jambo la pili ni kufungua shali yangu ya kanisani na kumfunika, maana masikio yake yalikuwa baridi. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya vumbi la mkaa na gauni jipya wakati wifi alipokuja kuuliza kama mkaa umekosekana.

Alisimama. Aliweka mkono mdomoni.

"Ameacha kula tangu lini?" nilimuuliza.

"Mama, wacha nikuelezee."

"Nimekuuliza ameacha kula lini."

"Jana. Jana asubuhi. Watoto walimpa mkate ya sherehe, akakula sana, halafu akakataa." Alianza kulia. "Ni yeye alisema usiambiwe. Alisema umechoka sana, ati utakuwa mgonjwa. Alimleta na dawa yake na taulo, akatuonyesha vile ya kumshika na vile ya kumlisha. Watoto walikuwa wanataka sungura. Tulifanya yote vile alisema."

"Na wewe ukanipigia simu kunipa pole."



Nilimpigia daktari wa Nyeri. Aliuliza maswali kwa haraka. Tumbo ni gumu kama ngoma au ni kama unga uliokandwa? Amepanuka ubavu? Anapumua vipi? Nilimwambia ni kama unga, hajapanuka. "Basi bado tuko na nafasi," alisema. "Mtie joto. Usimlazimishe chakula sasa. Mpapase tumbo polepole, kutoka mbele kwenda nyuma. Na umlete adungwe dawa ya maumivu na ya kuamsha tumbo. Hapo karibu nanyi, mjini Murang'a, kuna mwenzangu. Nitamwambia unakuja."

Mume wangu alikuwa ametokea nyuma ya dada yake. Aliniona, akamwona aliyekuwa mikononi mwangu. Alifungua mdomo.

"Washa gari," nilisema.

Watoto wa wifi walikusanyika kando ya gari. Waliniona nikiingia na sungura ndani ya katoni, na msichana wao mdogo akauliza kwa nini anti anawaibia. Sikuona la kumjibu, kwa sababu kwake yeye ndivyo ilivyokuwa.

Kutoka Kenol hadi Murang'a nilikuwa na katoni mapajani na mkono ndani yake, nikipapasa. Tulipita mashamba ya mananasi na vibanda vya maembe kabla mume wangu hajasema kitu.

"Ulikuwa unaisha," alisema. "Hukuwa unalala. Watu walikuwa wananiuliza dukani kama ni kweli mke wangu ameacha kushona anauguza sungura. Nikaona nikimtoa utapumzika. Sikutaka kumchinja. Ningemchinja, haingekuwa rahisi zaidi? Nilimtafutia mahali pazuri."

"Si ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Sasa?"

"Sasa ukaamua nisipewe nafasi ya kukataa."

Halafu akasema jambo ambalo bila shaka aliliona la kunituliza. "Lakini ona, yuko hai."

Nilimuuliza kwa nini aliomba. Ningeweza kuelewa uongo wa simu, nilimwambia. Mtu hushikwa na neno, akasema, kisha likamfunga. Lakini yeye alinipeleka nyuma ya nyumba, akavua kofia, akafumba macho, akazungumza na Mungu juu ya mnyama huku akijua anakula viazi vitamu Kenol. Na mimi nilikuwa kando yake nikisema amina. Kwa nini?

Alishika usukani kwa mikono miwili. "Ulikuwa unalia," alisema mwishowe. "Sikujua nifanye nini kingine."

Yule daktari wa Murang'a, mzee mpole mwenye miwani, alimdunga sungura sindano, akaniambia nimpe maji kwa bomba kidogo kidogo, na chakula nianze kumpa tumbo likianza kunguruma. Tulifika nyumbani, nikamweka jikoni karibu na jiko, juu ya chupa ya maji moto niliyoifunga kwa kitambaa. Mume wangu alisimama mlangoni akauliza kama anishikie. Nikamwambia la. Nikajifunza kumlisha peke yangu, nikimbana kati ya magoti.

Asubuhi nilikuta punje ndogo za mavi juu ya kitambaa, zimeshikana kwa manyoya. Zilikuwa mbaya, lakini zilikuwa punje. Nilizitazama na sikumwita mtu.

Mume wangu alipoenda kazini nilichukua jembe nikaenda chini ya mparachichi. Sijui nilitarajia kupata nini, pengine gunia, pengine kiatu kikuukuu alichokizika ili tuta lipate umbo. Nilisogeza jiwe, nikapiga jembe mara moja, udongo ukatawanyika. Chini yake jembe likagonga ardhi ngumu iliyosokotana na mizizi, ambayo haikuwa imeguswa tangu mti ule upandwe. Hakuchimba. Alikuwa amezoa udongo wa bustani na kuumwaga juu ya nyasi. Nilikuwa nimelia juu ya rundo.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu chuoni. Nilitaka mtu wa kunisikiliza, mtu wa upande wangu. Nilimsimulia kuanzia gunia hadi mparachichi, na nilipomaliza nilingoja apige kelele.

"Pole, mum," alisema. Kisha akasema, "Mimi nilimwambia dad hautafurahi."

"Ulimwambia lini?"

"Ile siku alimpeleka."

Nilikaa chini. Nikakumbuka alivyokuja nyumbani Agosti, akasimama nami kando ya tuta, akanisaidia kung'oa magugu. Alisema aliogopa kutugombanisha. Alisema baba yake alimwapisha. Alikuwa akilia na nilimwambia asijali, arudi kusoma, kwa sababu yeye ni mtoto na mzigo huo si yeye aliyeuanzisha. Lakini nilipoweka simu niligundua kwamba katika familia yetu yote, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimefiwa.

Wifi alituma ujumbe wa kuomba msamaha na nilimsamehe, kwa kuwa alikuja mwenyewe Skuta na kukaa jikoni kwangu na kusema mbele yangu alichofanya bila kumtaja kaka yake. Watoto wake niliwatafutia sungura wawili wachanga, nikawaonyesha jinsi ya kuwalisha, nyasi kavu kwanza na mkate kamwe.

Mume wangu aliomba msamaha pia. Aliomba mara nyingi, na ninaamini alimaanisha. Bado tunaishi pamoja, tunakula meza moja, tunaenda kanisa moja. Sungura anatembea nyumbani na kichwa chake upande, na mume wangu humletea majani ya karoti kama zamani, huyaweka mezani badala ya kumpa, kisha hungoja mimi nimpe.

Kilichobadilika ni kitu kidogo ambacho mgeni hawezi kukiona. Akinipigia simu kusema amechelewa, yuko dukani wanapakua mabati, namsikia na kumjibu vizuri, halafu kabla ya kukata nasikiliza nyuma ya sauti yake, nikitafuta mabati.